Mnunuzi kwanza, fomu baadaye: jibu kwa kikundi cha sabuni cha Mafinga

Swali:

"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake kumi na wawili hapa Mafinga. Tulianza kama kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, sasa tunatengeneza sabuni ya maji ya vyombo na ya chooni. Watatu kati yetu wana ulemavu: mmoja ni kiziwi, mmoja ana ualbino, na mmoja alipata polio utotoni, anatembelea magongo. Tunataka kazi hii iinue wanawake wenzetu, isiwe duka la mtu mmoja. Kuna aliyetushauri tusajili NGO ili wafadhili watuone. Wengine wanasema tukimbilie mkopo wa halmashauri, kwamba tukiwatanguliza wenzetu wenye ulemavu tutapata haraka. Tuanzie wapi?"

Jibu:

Dada Katibu, habari ni njema, na asante kwa kuandika kabla ya kusaini chochote. Jibu langu kwa kifupi ni hili: NGO msisajili. Mkopo msiombe kwa sasa. Tafuteni wanunuzi wawili watatu wa kudumu, pigeni hesabu ya gharama zote pamoja na jasho lenu wenyewe, halafu pangeni kazi upya ili wale wenzenu watatu wawe ndani ya uzalishaji na ndani ya fedha. Hayo yakishakaa sawa, mkopo utakuwa na mahali pa kwenda.

Nianze na sentensi iliyonishtua kwenye barua yako, ile ya kuwatanguliza wenzenu wenye ulemavu ili mpate haraka. Najua hamkuisema kwa ubaya. Lakini nimeona inavyoishia. Jina linaandikwa kwenye fomu, mwenye jina anaitwa siku ya kusaini na siku ya kupiga picha na mgeni rasmi, kisha harudi tena kuonekana mpaka marejesho yakwame. Hapo ndipo anapotafutwa, kwa sababu mkopo wa kikundi ni deni la wote waliosaini. Mtu ambaye hakuwahi kukoroga sabuni wala kuona shilingi anajikuta mdaiwa. Huko ni kumtumia mtu, na hakuna lengo zuri linaloweza kuhalalisha jambo hilo.

Mikopo hii yenyewe iliwahi kusimama kwa sababu za namna hiyo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikawa zinarudia jambo lile lile kila mwaka: marejesho hayarudi, na vikundi vingine ni hewa. Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo, na ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikianza kuitoa kwa majaribio kupitia benki. Katika kipindi chote hicho waliokuwa wanalipa vizuri nao walikaa bila mtaji, na baadhi yao waliangukia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa.

Kuna jambo la utaratibu pia ambalo washauri wenu hawakuwaambia. Kikundi chenu ni cha wanawake. Kitaomba kwenye ile asilimia 4, na hapo kuwa na wanachama watatu wenye ulemavu hakuwapi foleni ya pembeni. Asilimia 2 ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu wenyewe. Kama mmoja wa wale dada watatu ana wazo lake la biashara, mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu nafasi ya mtu mwenye ulemavu kukopa peke yake au na mwenzake, na mumsindikize. Hiyo ni haki yake yeye, kikundi kisiichukue.

Sasa NGO. Shirika lisilo la kiserikali kwa sheria ya Tanzania haliruhusiwi kugawana faida. Ninyi mnataka mama aliyekoroga sabuni alipwe na mwisho wa mwaka apate gawio lake. Mkisajili NGO mtakuwa mmejifunga mikono wenyewe, na juu yake mtabeba ripoti za kila mwaka, ada, na hesabu za kuonyesha umma. Wafadhili nao hawatafuti cheti. Wanatafuta kazi inayoonekana, tena mara nyingi wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, ambazo kikundi kipya hakina.

Tanzania hatuna sheria ya pekee kwa biashara za kijamii, kwa hiyo kila kikundi huchagua vazi kati ya yaliyopo. Kwa hatua mliyopo, usajili wa kikundi halmashauri unatosha, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, litawasaidia kwenye lebo na ankara. Mkikua, mtaangalia ushirika au kampuni ya hisa ambayo wanachama ndio wenye hisa. Mimi napendelea ushirika kwa watu kama ninyi, kwa sababu kila mwanachama ana kura moja hata kama hisa zake ni chache, na anayeanza na hisa mbili kwa kuwa hana mume wala shamba halemewi na mwenye hisa ishirini. Ila ushirika una ukaguzi na mikutano yake ya lazima. Usiwe wa kukimbilia.

Kinachoifanya biashara iwe ya kijamii ni mgawanyo wa ziada, na huo mnauandika kwenye katiba ya kikundi kabla ziada haijapatikana, wakati bado hakuna wa kuigombea. Mfano: nusu irudi kwenye mtaji, robo iwe gawio, robo iwe mfuko wa kumfundisha na kumwanzishia kazi mwanamke mwingine kila mwaka. Viwango chagueni wenyewe. Kilicho muhimu ni viandikwe, visomwe mbele ya wote, na dada kiziwi avione vikitafsiriwa kwa Lugha ya Alama au aviandikiwe kwa Kiswahili chepesi kabla ya kupiga kura.

Nikae kidogo kwenye hesabu, maana vikundi vingi vya sabuni vinafia hapo. Chukueni ndoo ya lita 20. Namba nitakazoweka ni za mfano, ninyi mtaweka zenu. Tuseme malighafi (salfoniki, ungaroli, magadi, chumvi, rangi, manukato) ni shilingi 18,000. Chupa 20 za lita moja kwa shilingi 400 kila moja ni 8,000. Lebo 2,000. Nauli ya kufuata mzigo mjini Iringa, ikigawanywa kwa ndoo, 2,000. Jumla 30,000. Mnauza lita kwa 1,800, mnapata 36,000, na jioni mnaandika kwenye daftari "faida 6,000". Lakini wamekaa pale wanawake wawili saa tano kila mmoja. Wakilipwa hata shilingi 1,000 kwa saa, hiyo ni 10,000. Ndoo ile haikuleta faida ya 6,000, imewatia hasara ya 4,000. Aliyeilipa hasara hiyo ni mwanamke aliyeacha kibarua au bustani yake akaja kukoroga bure.

Ndiyo maana nasisitiza malipo ya kazi yaingie kwenye gharama tangu ndoo ya kwanza, hata kama mtakubaliana yalipwe mwisho wa mwezi. Kikundi kinachotegemea kazi ya bure kinawachuja watu bila kukusudia. Anabaki mwenye mume wa kumlisha. Mjane na mama anayelea peke yake wanaondoka taratibu, na anaondoka pia mwenye ulemavu anayelipa bodaboda kwenda na kurudi kwa sababu hawezi kutembea umbali ule. Kisha watu wanasema hawana moyo wa kikundi.

Angalieni tena hesabu ile ile mkiuza kwa dumu la lita 20 badala ya chupa. Chupa na lebo zake zinaondoka, gharama inashuka kutoka 40,000 hadi 30,000 pamoja na malipo ya kazi, yaani 1,500 kwa lita. Mkiuza kwa 1,900 mnabakiwa na 8,000 kwa kila dumu, mteja akirudisha dumu tupu. Bei kwa mnunuzi imepanda kidogo tu, lakini ninyi mmetoka kwenye hasara. Je, nani ananunua sabuni kwa dumu Mafinga? Mko kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia. Gesti na hoteli za madereva zinaosha mashuka, vyombo na sakafu kila siku. Zipo shule za bweni. Vipo vituo vya afya. Mama lishe wa stendi mkiwaunganisha watano wanaweza kugawana dumu moja kwa wiki.

Halafu kuna kitu ambacho sehemu nyingine ya nchi haina. Mmezungukwa na msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali, na mashine za kupasua mbao zipo kila upande. Wanaofanya kazi kwenye misonobari wanarudi nyumbani na utomvu mikononi, na sabuni ya kawaida haiutoi. Nendeni kwenye mashine mbili tatu mkawaulize vijana wanausafishaje. Wengi watawaambia wanatumia mafuta ya taa au petroli, ambavyo vinababua ngozi. Utomvu hulainika kwa mafuta. Sabuni nzito yenye mafuta na kitu cha kusugulia, hata unga laini wa mbao uliochekechwa, inaweza kufanya kazi. Lijaribuni hilo na wataalamu wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Sabuni ya vyombo inatengenezwa na kila kikundi kuanzia Mafinga mpaka Makambako, na mtashindana kwa kushusha bei mpaka mchoke. Sabuni ya utomvu inaweza kuwa yenu peke yenu.

Soko jingine ni Serikali yenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kikundi kinaingia humo kikiwa kimesajiliwa na kuungwa mkono na taasisi husika, ambayo kwenu ni halmashauri. Watu wengi wanaijua ile asilimia 10 ya mikopo, hii asilimia 30 ya soko hawaijui, na kwa maoni yangu ina uzito zaidi. Mkopo unakuachia deni, soko linakuachia mteja. Lakini nawaonya: Serikali huchelewa kulipa. Msipeleke zaidi ya theluthi moja ya uzalishaji wenu huko mpaka mtaji wenu uwe na pumzi ya kusubiri miezi.

Kwa soko lolote kati ya hayo mtahitaji alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Msiogope gharama. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho kutoka SIDO hupata nafuu ya gharama za kuthibitishwa ubora mwanzoni; ulizeni SIDO masharti na muda wake. Ofisi ya SIDO ya mkoa ipo Iringa mjini. Kabla hawajaja kuwakagua, acheni leo hii kufungasha sabuni kwenye chupa za maji ya kunywa au za soda. Sijui kama mnafanya hivyo, lakini vikundi vingi vinafanya, na mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Ile ya chooni ndiyo ya hatari zaidi. Na iandikwe wazi kwenye lebo kwamba isichanganywe na jiki, kwa sababu ikiwa ina tindikali, mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Sasa nije kwa wenzenu watatu, na hapa nitakuwa mrefu maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Ninyi ni kumi na wawili mkiwa na watatu, mmeipita hesabu ya taifa. Swali ni wanafanya nini siku ya kazi. Nakuomba ukae nao, mmoja mmoja, uwaulize wenyewe kabla kikundi hakijawaamulia. Haya nitakayosema ni ya kuanzia mazungumzo tu.

Dada kiziwi anaweza kufanya kila kituo cha kutengeneza sabuni. Kinachobadilika ni chumba. Salfoniki ni tindikali inayounguza, na mnapoonyana mnapiga kelele: "Angalia!" Yeye hasikii. Kwa hiyo meza yake isiupe mgongo mlango wala njia ya anayebeba ndoo. Wekeni kanuni kwamba hakuna mtu kupita nyuma ya mwenzake akiwa na tindikali bila kumgusa bega kwanza na kusubiri ageuke. Utashangaa, kanuni hiyo itawalinda hata mnaosikia, maana redio ikiwa imefunguliwa ninyi nyote ni viziwi. Glavu nzito na miwani ya kukinga macho ni kwa kila mtu, si kwa mgeni akija.

Dada mwenye ualbino asipelekwe kuuza gulioni juani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jua ndilo linalowaua watu wenye ualbino nchini kwetu, kwa saratani ya ngozi, kabla ya wakati wao. Kama kazi ya kuuza anaipenda, basi awe yeye anayekwenda gesti na maofisini kuchukua oda, akiwa na kofia pana na mikono mirefu, asubuhi mapema au jioni. Mwulizeni kama anapata mafuta ya kujikinga. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta yaitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Jambo la pili ni macho. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Mizani yenye tarakimu ndogo na daftari la penseli vinamfanya aonekane mzembe wakati tatizo ni maandishi. Andikeni vipimo vya kila malighafi kwa kalamu nene kwenye kadibodi na kuibandika ukutani usawa wa macho, na vikombe vya kupimia vichorwe mistari kwa rangi nyeusi.

Dada wa magongo hapaswi kubeba ndoo, na hakuna sababu abebe. Lakini msimweke getini "kupokea wageni" kwa kuwa amekaa. Meza ya kukorogea ishushwe ifike usawa wa mtu aliyekaa, pipa liwekwe bomba chini ili kujaza chupa kusihitaji kuinua kitu, na sakafu iwe kavu, kwani sabuni iliyomwagika ni mtego kwa anayetembelea magongo. Fundi seremala wa hapo Mafinga atawatengenezea meza hiyo kwa bei ndogo. Mbao mnazo.

Kama mnataka kuona hayo kwa macho, msiende mbali. Iringa mjini kipo Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Walianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye waliofanya kazi pale walizidi mia, karibu wote watu wenye ulemavu: wafumaji, wachapaji vitambaa, washonaji, watengenezaji wa shanga za vioo vilivyotumika. Wana mgahawa ambao wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka. Nendeni mkanywe chai pale. Mtaona kwamba wateja wanajifunza alama ya "asante" ndani ya dakika tano, na kwamba watu wanarudi kwa sababu keki ni nzuri. Huruma humleta mteja siku ya kwanza tu. Basi msiandike kwenye lebo "Sabuni ya walemavu, tuungeni mkono". Andikeni jina la sabuni, kazi yake, na alama ya TBS.

Malipo yanaweza kuharibu yote haya msipoangalia. Mkilipana kwa idadi ya lita, mwenye mwendo wa polepole ataumia, na kazi zisizo na lita, kama kufuata oda, kuandika hesabu na kuosha vyombo, zitakosa mtu. Mkilipana sawasawa bila kuangalia nani alikuja, wanaojituma watanung'unika. Kilichofanya kazi kwa vikundi nilivyovifuata kwa karibu ni kulipa kwa zamu. Zamu moja ina saa zake na bei yake moja, iwe ya kukoroga, kufungasha au kutafuta wateja. Ziada ya mwaka ndiyo inayofuata hisa. Na nauli ya bodaboda ya dada wa magongo iwe gharama ya kikundi kama ilivyo nauli ya kufuata malighafi. Bila yeye kufika, hakuna zamu.

Kuhusu vikao: hujaniambia mnakutana saa ngapi. Kama ni saa kumi na moja jioni, mjue mmewafungia mlango wenye watoto wadogo na wanaopika. Waulizeni. Mara nyingi saa nne asubuhi siku isiyo ya gulio inawafaa wengi. Mtu mmoja mmoja azungumze kwa zamu akimtazama dada kiziwi, hoja ziandikwe ubaoni kadiri zinavyotoka, na angalau wawili kati yenu mjifunze Lugha ya Alama ya Tanzania. Chama cha Viziwi, CHAVITA, ndipo pa kuanzia kuuliza. Kama yeye hakusoma shule na hatumii lugha ya alama rasmi, basi ana alama za nyumbani kwao. Mwombeni ndugu anayezijua aje mwanzoni, lakini awe mkalimani tu, asimwamulie.

Ninyi mmetoka kwenye hisa, kwa hiyo nidhamu ya fedha mnayo tayari. Mfumo huo, wa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, ulianzia Maradi nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kumbukumbu walizihifadhi kichwani: kabla ya kutawanyika, kila mtu anataja kilichobaki sandukuni, na kikao kijacho kinaanza kwa kukitaja tena. Endeleeni na desturi hiyo hata mkiwa na akaunti ya benki au ya kikundi ya simu kama M-Koba. Namba ya salio iandikwe ubaoni kwa tarakimu kubwa kila kikao. Mmoja wa wale dada watatu awe mmoja wa watia saini. Akiwa mtia saini halisi, hakuna fedha itakayotoka bila yeye kujua inakwenda wapi, na hapo ndipo utajua kama kikundi kinamhesabu.

Kuna jambo halisemwi sana kwenye semina, na naomba mlizungumze wenyewe kwa wenyewe, bila mwanamume ndani. Mkopo ukiingia, ni nani nyumbani atakayeuomba? Wapo waume wanaosaidia sana, na wapo wanaosubiri siku ya mkopo. Ndiyo sababu mkopo wa kikundi chenu usigawanywe kwa wanachama kwenda nao nyumbani. Ununue vitu vya kikundi: mapipa, mashine ya kukorogea, malighafi ya jumla. Mwanamke akiulizwa nyumbani, aweze kusema ukweli: fedha haiko kwangu, iko kwenye pipa.

Lini sasa muombe? Mkiwa mmeuza kwa miezi mitatu mfululizo na malipo ya zamu yamo ndani ya gharama. Muwe na wateja wa dumu wasiopungua watatu wanaorudi. Na mnapoambiwa kiasi cha rejesho la mwezi, muweze kuonyesha kwenye daftari kwamba mwezi mbaya kuliko yote mliyopitia ungelilipa. Angalieni mwezi mbaya, msiangalie wa kawaida. Kwenu mwezi mbaya huenda ni wa masika, njia za mashine za mbao zikiharibika na oda zikipungua. Kopeni kiasi ambacho mwezi huo unakiweza, hata kama kamati iko tayari kuwapa zaidi. Mkopo hauna riba, lakini deni ni deni. Maombi huanzia ngazi ya kata na kupitia mfumo wa mtandaoni wa Wezesha Portal. Ombeni kwa jina la kazi yenu na hesabu zenu. Mkiulizwa kuhusu wenzenu wenye ulemavu, waje wajibu wenyewe.

Kwa wiki hii fanyeni mambo mawili. Ndoo itakayofuata, mmoja wenu akae na saa na daftari, aandike kila senti na kila dakika, kuanzia kufuata malighafi mpaka chupa ya mwisho kufungwa. Na wawili wenu, mmojawapo akiwa yule dada mwenye ualbino kama ataridhia, waende kwenye gesti tatu asubuhi wakaulize wananunua sabuni gani, kwa bei gani, na inawaudhi kwa lipi. Niandikie majibu yao na hesabu ya ndoo hiyo, hata kama inaonyesha hasara, tuipitie pamoja kabla hamjaenda SIDO.